Sukari, Kuni na Moshi: Historia ya Gongo Kutokea Mlali

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, ukalipita bwawa la Mindu, ukafika Sangasanga na kukata kushoto, utapita Mzumbe kisha utaingia Mlali. Ni pale chini ya milima ya Uluguru, kabla gari halijaanza kupanda kwenda Mgeta. Wageni wanakujua kwetu kwa nyanya. Malori yanakuja, matenga yanajazwa, malori yanaondoka. Lakini ipo bidhaa nyingine ambayo haipakiwi mchana. Hiyo ndiyo iliyoninunulia sare za shule, na hiyo ndiyo ninayotaka kuandika historia yake. Naam, gongo.

Najua wapo watakaokunja uso. Eti kijana mzima, badala ya kuandika juu ya mapenzi au maendeleo, anaandika juu ya gongo! Tuelewane mapema. Mimi sitetei ulevi. Nimeona wake za watu wakipigwa, nimeona mishahara ya vibarua ikiishia kwenye glasi, na huko mbele nitaeleza msiba uliotupata nyumbani kwetu. Lakini historia haiandikwi juu ya mambo mazuri peke yake.

Tena historia ya gongo tunayoisikia kila siku ni ile ya upande mmoja. Msako umefanyika, mapipa yamemwagwa, akina mama kadhaa wamekamatwa, basi. Mimi nimekulia upande wa pili wa pipa, kwa bibi yangu mzaa mama, na kutokea huko nimeona jambo moja ambalo magazeti hayalisemi. Misako haikuwahi kulizima jiko la Bibi kwa zaidi ya wiki mbili. Kilichokuja kulizima kabisa ni bei ya sukari, mwanzoni mwa mwaka 2024.

MOSHI ULITOKA WAPI

Mababu zetu walikuwa na pombe tangu zamani: ya mtama, ya ndizi, ya asali, ya miwa. Hizo zote ni za kuchachusha. Gongo ni kitu kingine. Unachukua pombe iliyokwisha kuchachuka, unaichemsha ndani ya pipa lililofunikwa, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, na upande wa pili yanadondoka matone. Siri yenyewe ni ya kidato cha pili tu: kilevi kinachemka kwenye nyuzi 78, maji yanangoja mpaka 100. Kwa hiyo kilevi kinatangulia kutoka. Vitabu vinaita kukeneka. Kwetu tunasema kupika.

Kenya na Uganda, ufundi huu unahusishwa sana na askari wa Kinubi, wale waliotoka Sudani na kutumikia majeshi ya wakoloni, kisha wakalowea huku huku na wake zao. Kwetu pia walifika. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alipokwenda Misri kukusanya askari wa kuizima vita ya Abushiri, wengi aliowapata walikuwa Wasudani. Jeshi likitembea, na vyungu vyake vinatembea.

Sasa angalia jinsi sheria ilivyoingia. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba kule Brussels, na ndani yake wakakubaliana kuzuia pombe kali isiingizwe wala kutengenezwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, baada ya vita kuu ya kwanza, wakarudia tena kule Saint-Germain-en-Laye nchini Ufaransa. Safari hii wakapiga marufuku hata vyombo vya kukenekea. Ukisoma juu juu utasema walitupenda. Lakini marufuku hiyo haikumgusa Mzungu mwenyewe. Yeye jioni alikaa barazani na whisky yake. Mwafrika akikutwa na chupa ile ile, ni kesi.

Kwa hiyo gongo ilizaliwa ikiwa mkimbizi. Iliishi migombani, mabondeni, kandokando ya mito, na usiku. Ndiyo maana ina majina mengi kuliko mtu mwenye madeni: moshi, piwa, supu ya mawe, machozi ya simba. Kenya ni chang'aa, Uganda ni waragi. Kitu ni kile kile.

UHURU NA LESENI

Mtu angedhani Uhuru ungebadili mambo. Ulibadili kidogo, na hapa pana kisa ambacho vijana wengi hatukijui.

Mwaka 1965 Uganda ilitunga sheria ya enguli, yaani pombe kali ya kienyeji. Mpikaji alitakiwa awe na leseni, na alichopika akiuze kiwandani kikasafishwe upya. Humo ndimo ilimotoka Uganda Waragi, inayouzwa dukani mpaka leo kwenye chupa yenye lebo. Mwaka uliofuata, 1966, Tanzania nayo ikatunga sheria yake namba 62, ya utengenezaji na ukenekaji wa moshi. Ndiyo hiyo inayosomwa mahakamani mpaka leo mama fulani anapopandishwa kizimbani na dumu lake la lita tano. Wengi wanadhani sheria ile ilisema moshi usipikwe kabisa. La hasha! Ilisema usipikwe bila leseni.

Lakini leseni ni neno la watu wenye anwani. Mwanamke wa Mlali, asiyejua kusoma, anayepikia kwenye pipa moja nyuma ya migomba, leseni angeifuata wapi na nani angempa? Kilichofuata tunakijua. Miaka ya mwanzo ya 1970 ikaja Konyagi, ikapikwa Dar es Salaam kwa mitambo, ikalipa ushuru, ikawa fahari ya taifa. Moshi wa kijijini ukabaki pale ulipoachwa na mkoloni.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo mzizi wa hesabu zote zinazokuja. Mwenye leseni ananunua malighafi kwa tani, kiwandani, kwa risiti. Asiye na leseni ananunua kwa kilo, kwa Mangi wa dukani, na haruhusiwi hata kulalamika kwamba bei imepanda. Alalamike kama nani?

MIAKA YA FOLENI

Bibi alianza kupika akiwa mwanamwali, akifundishwa na shangazi yake. Anasema miaka migumu ya kwanza aliyoiona ni ile ya foleni.

Vijana tunaosoma tumeipata habari hiyo kwa kusimuliwa tu. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili biashara ishikwe na maduka ya ushirika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera, tukaingia vitani mpaka 1979, na mafuta nayo yakapanda bei duniani. Nchi ikaishiwa fedha za kigeni. Viwanda vikakosa vipuri. Sabuni, khanga, chumvi, sukari, vyote vikawa vya kupanga foleni, na mwenye kumjua meneja wa duka akawa mtu mkubwa.

Kwa gongo, miaka hiyo ilikuwa ya ajabu. Bia ya kiwandani nayo iliadimika, kwa hiyo wateja wakaongezeka. Hata waalimu na makarani waliokuwa wakiidharau wakaanza kuuliza njia ya kwa Bibi. Wateja wapo, lakini sukari hakuna! "Ukipata robo kilo unaificha kama dhahabu, wanywe uji watoto," Bibi aliniambia. "Nani angeitia kwenye pipa?"

Basi wakarudi shambani. Walipikia ndizi zilizoiva sana, mapapai, na kimea cha mahindi. Kazi ilikuwa ndefu na matone yalikuwa machache, lakini migomba ilikuwa yao wenyewe. Sisi Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mashamba mengi yanarithiwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo mwanamke kama Bibi alikuwa na mahali pa kukata mkungu bila kumwomba mume.

Machi 1983 ndipo ilipoanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Waliokutwa na shehena za bidhaa walikamatwa, na wengine wakazitupa usiku maporini. Bibi anasema hofu ilikuwa kubwa hata mwenye kilo tano za sukari aliiogopa. Aprili 12, 1984 Sokoine akafa katika ajali ya gari karibu na Dakawa, humu humu mkoani kwetu. Mwaka huo huo serikali ikaanza kulegeza, wenye fedha zao wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, mzee wa ruksa. Sukari ikarudi madukani.

Na hapo Bibi, kama wenzake, akaiacha ndizi. Sukari ilikuwa rahisi: unatia maji, hamira na pumba, siku chache imechachuka, kazi kwisha. Wakati ule ilionekana ni ukombozi. Hakuna aliyejua kwamba siku hiyo jiko limetoka shambani na kuhamia dukani.

DAFTARI LA WAGENI

Mimi nimeingia kwenye historia hii nikiwa darasa la tano, kama karani. Bibi hajui kuandika, lakini hesabu anazijua kichwani kuliko mwalimu wangu. Alinipa daftari la kurasa themanini akasema, "Andika, baba, nisije nikadhulumiwa."

Januari 2016 elimu ya sekondari ilifanywa bila ada. Jambo jema sana. Lakini sare, viatu, madaftari, michango na nauli havikufutwa, na hivyo vilitoka kwenye pipa. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018. Daftari ninalo mpaka leo, na hapa nanakili ukurasa mmoja wa mwaka huo, pipa moja:

Sukari kilo 10, shilingi 25,000. Kuni, 4,000. Hamira na pumba, 2,000. Wageni, 5,000. Jumla 36,000.

Zilipatikana lita 11. Lita moja inatoa glasi nane, glasi moja 500. Jumla 44,000. Iliyobaki ni 8,000. Hiyo ndiyo faida iliyofanya watu wamwite Bibi tajiri.

Utauliza, hao wageni ni akina nani? Sitawataja majina wala kazi zao. Walikuja mwisho wa wiki, hawakukaa, hawakunywa, na Bibi aliniambia niandike "wageni". Mimi mtoto niliandika. Nilipokua ndipo nilipotambua kwamba katika malighafi za gongo, wageni ni wa pili kwa gharama baada ya sukari, na wao hawakuwahi kuadimika.

Sasa angalia kuni. Zamani kuni zilikuwa za bure, mtu alipanda mlimani akashuka na mzigo. Msitu wa Uluguru ulikuwa ukilindwa tangu enzi za wakoloni, na mwaka 2008 ukapandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Nasema wazi, ni haki. Mto wetu wa Mlali unatoka huko, unaingia bwawa la Mindu, na wakazi wa Morogoro mjini wanakunywa maji hayo. Bila msitu hakuna mto. Lakini kuni zikawa za kununua, na katika kuzinunua Bibi alikuwa akigombea na wachoma matofali, ambao fedha yao ni nene.

Na maji yenyewe! Maji ya kupozea bomba lazima yabadilishwe kila mara. Yakipata moto, mvuke unatoka bila kugeuka tone na sukari yako inaishia hewani. Kiangazi, Septemba na Oktoba, mto unapungua na pampu za wakulima wa nyanya zinaunguruma usiku kucha. Bibi alikuwa akiamka saa tisa za usiku kuwahi maji.

Hata bomba lina historia. La shaba ndilo zuri, lakini shaba ikapanda bei, na wezi wa vyuma chakavu wakaanza kuyafuata mabomba mpaka migombani. Wengi wakahamia bomba la chuma chochote, wengine mpira. La Bibi la shaba alilala nalo chini ya kitanda.

MWAKA WA MVUA

Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño. Mashamba ya miwa yakajaa maji, miwa haikuvunika, viwanda vikapunguza au kusimamisha uzalishaji. Sukari ikaanza kupanda kama mtu anayekimbizwa. Januari 2024 Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, rejareja isizidi 3,200 hata kwa mikoa ya juu. Serikali ikatoa vibali vya kuingiza sukari ya nje. Lakini bei elekezi ilikaa kwenye redio. Dukani kwetu kilo ilifika 4,500, na siku nyingine haikuwepo kabisa.

Jambo linalouma ni kwamba hayo yalitokea Morogoro. Mkoa wetu una kiwanda cha Kilombero kule Kidatu, una Mtibwa kule Turiani, ndani ya wilaya yetu ya Mvomero, na una Mkulazi kule Mbigiri. Tumezungukwa na miwa! Lakini molasi, ile nta nyeusi inayobaki baada ya sukari kutolewa, ndiyo malighafi ya asili ya pombe kali, na hiyo inanunuliwa na wakubwa. Kilombero wana hata mtambo wao wa kukeneka spiriti. Kwa hiyo mwenye kiwanda anapikia mabaki ya sukari, na mnyonge wa Mlali anapikia sukari yenyewe, ile ya chai, kwa bei ya duka.

Hebu tupige hesabu. Kilo 10 kwa 4,500 ni 45,000. Pipa zima linaingiza 44,000. Kabla hujagusa kuni, kabla ya wageni, umeshakula hasara. Kwa nini asipandishe bei? Alijaribu. Wateja wake ni vibarua wa nyanya, wanalipwa kwa siku, na mkononi wanashika sarafu ya mia tano. Akabadili glasi, akaleta ndogo. Wateja wakaipa jina la kizibo, wakacheka, wakahama.

Na kemia haina huruma. Kilo moja ya sukari, hata upike kwa ufundi wa namna gani, inatoa kilevi kidogo zaidi ya nusu kilo tu. Nusu nyingine inatoka kama hewa wakati wa kuchachuka. Mpikaji akibanwa hapo ana njia mbili. Aache, au atafute kitu kingine cha kutia ili kinywaji kiwe kikali bila sukari.

Njia ya pili ndiyo iliyojaza makaburi. Novemba 2000, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, kilevi cha viwandani kisichonyweka. Mwaka 2010 Kenya ikaihalalisha chang'aa, iwe na leseni na chupa ya kioo. Lakini masharti yalikuwa ya wenye mitaji. Mpikaji mdogo akabaki alipokuwa. Februari 2024, wakati sisi tukilia na sukari, watu wasiopungua kumi walikufa tena kule Kirinyaga. Na kwetu Tanzania, viroba vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, waliozoea kununua ukali wa shilingi chache hawakuacha kiu yao. Walitafuta pa kuipeleka.

Bibi alichagua njia ya kwanza. Februari 2024 alilivua bomba la shaba, akalifunga kwa khanga kuukuu, akaliweka juu ya dari.

Mjomba wangu, mwanawe wa mwisho, alikuwa mnywaji. Alikuwa akinywa kwa mama yake, kwa kipimo ambacho mama yake alikijua. Jiko lilipozimwa akaenda kunywa kwingine. Asubuhi moja aliamka akasema haoni vizuri, kuna ukungu. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo, nilijua macho ni dalili ya nini. Tulimkimbiza hospitali. Siku ya tatu tukamzika. Simtaji aliyemuuzia, maana huyo naye sukari ilimpandia kama sisi.

Baada ya arobaini Bibi aliniambia, "Ningeendelea kupika, angekunywa kwangu." Nilitafuta jibu na sikulipata. Na yeye ni mtu yule yule ambaye kila Jumapili padri alimsema kwa kupika.

TUANDIKE

Wenzangu wa kalamu, sina dawa ya kuwapa. Kusema gongo ihalalishwe ni rahisi, lakini Kenya imetuonyesha kwamba leseni isiyofikika ni marufuku kwa jina jingine. Kusema izuiwe zaidi ni rahisi vile vile, lakini imezuiwa tangu 1890 na bado inadondoka. Swali langu ni dogo. Mbona tangu 1966 hakuna aliyekaa na akina mama hawa akauliza wanapikia nini, wananunua wapi, kwa bei gani, na nani anapima kinachotoka? Mwenye kuuliza bei ya sukari angejua mapema lini sumu itaingia kwenye glasi. Ilikuwa wazi kwenye daftari la mtoto wa shule.

Ninyi mnaotafuta visa vya riwaya mbali, nyumbani kwenu yapo madaftari kama langu. Yafungueni. Mama muuza komoni, baba mchoma mkaa, shangazi wa vitumbua, wote wana historia ya nchi hii kwenye hesabu zao, na wanaondoka nayo.

Bibi yu hai. Siku hizi anauza vitumbua pale stendi, navyo vinataka sukari. Nikimpigia simu kutoka mjini, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, ananiuliza kama nimekula. Kisha anauliza, "Haya, huko sukari mnanunua bei gani?"